Kiti cha Msoma Ramani

Siku ile nilikuwa na sare za kwaya ishirini na mbili kwenye mfuko wa salfeti. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Nyakato, hapa Musoma, na sare zilikuwa za watu wa Bunda. Mwenyekiti wao wa kwaya alikuwa ananipigia simu tangu asubuhi kana kwamba nimekimbia nazo. Ilipofika saa kumi jioni mume wangu akaniambia, twende nikupeleke, na mimi nina shughuli yangu Nyasura, hukohuko Bunda. Nikambeba mtoto, tukafunga mlango, tukaondoka na pikapu.

Shughuli yake nilikuwa naijua. Gari.

Nisikuzungushe. Mume wangu aliitwa Wanzagi. Alibeba samaki wa watu kwa Fuso miaka kumi na tano, mpaka ikawa akiinuka kitandani anashika ukuta. Mwaka huo akauza Fuso zote mbili, akanunua pikapu ya kazi, na akasema hela zilizobaki ni za gari moja la roho yake. Sio la mizigo. Sio la kubeba wakwe. La kuendesha tu. Kabla hajanioa alikuwaga msoma ramani kwenye mashindano ya magari, yule mtu anayekaa pembeni ya dereva na daftari, anamsomea kona kabla hazijafika, kila kona na namba yake, ndogo ndiyo kali. Misimu miwili tu, lakini ukimsikia anavyosimulia ungedhani alizaliwa humo.

Magari yalikuwa mawili, bei karibu ileile. La kwanza jipya kabisa, la bluu, milango miwili, lilikuwa kwenye yadi moja Mwanza. Wenyewe wanaliita kupe. Nilimwambia kwetu kupe ni mdudu anayeogeshewa ng'ombe dawa. La pili lilikuwa la mashindano, limetumika, la marehemu mmoja wa Nyasura.

Miezi mitatu alikuwa anayapima hayo mawili. Akila anapima. Akioga anapima, namsikia anajibizana na ndoo. "Ile mpya ina waranti, Mama Pastory. Ina kiyoyozi. Unakaa kama bosi." Kesho yake: "Lakini ya Nyasura ni nyepesi. Breki zake hizo hupati dukani. Ukiiambia kata, inakata." Asubuhi jipya, jioni kuukuu. Na mimi naitikia tu, mm.

Hata angesema ananunua ndege ningeitikia vilevile. Tangu nijifungue nilikuwa kama mkono uliolaliwa. Unauona, upo, ukiushika hausikii. Mtoto alikuwa na miezi mitano. Nilimnyonyesha, nilimwogesha, nilimfulia. Sikumchukia, usinielewe vibaya. Sikuhisi kitu, basi.

Na mtoto alikuwa analia. Padri alimbatiza Pastory, lakini hilo ni la kanisani. Jina la nyumbani lilikuwa halijapatikana. Kwa watu wa mume wangu, kule Butiama, mtoto akilia bila sababu wanasema anadai jina. Mama yake mume wangu, mama Dorotea, alinikalisha kwenye kigoda, mtoto akapewa ziwa, na majina ya marehemu wa ukoo yakaitwa moja moja. Jina likimfikia, mtoto ananyamaza, ananyonya. Hapo limekubalika. Wetu aliitiwa babu zake wote, mpaka wa pembeni ambao hata mama Dorotea aliwakumbuka kwa shida. Aliwakataa wote. Alilia mpaka sauti ikawa inakwaruza.

Kuna sharti moja. Aliye hai hatajwi mbele ya mtoto anayelia. Wanaume wa nyumba wanatolewa nje, na sisi wanawake tunasema "baba nanihii", tunaishia hapo. Kwa sababu jina likikubalika limekubalika, na majina yanayokubaliwaga na watoto ni ya waliokufa. Niliuliza, ikitokea bahati mbaya je? Mama Dorotea akakirudisha kigoda ukutani.

"Haitokeagi," akasema.

Kwa hiyo miezi mitano sikulitamka jina la mume wangu. Haikuwa kazi. Mimi namwitaga Baba Pastory, kama mwanamke yeyote.

Sare nikazikabidhi Bunda mjini. Mwenyekiti akazikagua kola moja moja, akakosa la kusema. Jua lilikuwa limeshashuka tulipofika Nyasura.

Mwenye gari alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, jina lake Petronila. Tukamwamkia, akatupa viti na soda. Hakuwa na haraka ya kuuza kitu. Alikuwa anamtazama mtoto anavyolia, halafu ananitazama mimi. Nikaona aibu kidogo, maana kumbembeleza nilikuwa nimeshaacha. Nilikuwa nampigapiga mgongoni tu, macho yangu yako kwenye soda.

Gari lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya turubai. Wanzagi akalivuta turubai mwenyewe, kwa adabu, utadhani anafunua maiti. Jeupe, limechubuka milangoni. Ndani hakuna zulia, hakuna redio, hakuna kiti cha nyuma. Mabomba ya chuma yamepita juu na pembeni, kama tenga la kuku. Viti viwili vyembamba na mikanda ya mabegani. Nikaingiza kichwa dirishani.

Harufu.

Petroli. Jasho la zamani. Na ubani... ule wa misa ya wafu.

"Mnasalia humu, mama?" nikamuuliza.

"Hapana. Inakujaga tu giza likianza kuingia," Petronila akasema, kama mtu anayeeleza habari za mbu.

Kwenye kioo cha pembeni palikuwa na majina mawili yamebandikwa. La juu BALTAZAR. La chini BENSON.

"Baltazar ni mume wangu," akasema. "Hakufia humu, kama unaogopa. Aliliendesha miaka ishirini, akafia kitandani, sukari."

"Na Benson?"

"Msoma ramani wake. Alitangulia zamani."

Wanzagi hakuwa anasikiliza. Kichwa chake chote kilikuwa kwenye injini. Alipotoka uso ulikuwa umebadilika, mwanamume wa miaka arobaini na mitatu anatabasamu kama amepata mke wa pili. Akaomba alijaribu. "Njoo ukae, Mama Pastory. Uone kile kiti nilichokuwa nakwambia. Naenda taratibu, nakuapia."

"Nani anakaa kushoto?" Petronila akauliza.

"Mimi," nikasema. "Na mtoto."

Akatufikiria. Akaingia ndani, akarudi na kofia ngumu, kubwa, ya kuvalia mashindano. Ndani ina spika mbili za masikioni, na waya unaoning'inia. "Anayekaa hapo anavaa hii."

Wanzagi akaushika waya akacheka. "Hii imekufa, mama. Ona, imekatwa."

Kweli ulikuwa umekatwa. Ncha mbili za shaba, haziendi popote. Petronila akauvuta waya mkononi mwake. Akanivalisha, akanifunga kamba ya kidevuni mwenyewe, polepole, vidole vyake vya baridi. Nikaingia. Mtoto nikamfunga kifuani kwa khanga, na mkanda juu ya mabega yangu. Kiti kilinibana pande zote. Mume wangu alikuwa amesema kweli, kinakushika.

Barabara ya vumbi ya nyuma ya Nyasura imenyooka. Nataka ulikumbuke hilo. Hakuna kona pale za kusomea mtu.

Akaenda taratibu kweli, mwanzoni. Mawe yanagonga chini. Injini inapiga kelele, mtoto anapiga kelele, lakini ndani ya kofia palikuwa kimya. Niliona mdomo wa mwanangu uko wazi, nikawa namsikia kwa mbali, kama mtoto wa jirani.

Halafu kitu kikakwaruza sikioni.

"Kulia nne... ndefu."

Sauti ya mwanamume. Ya chini, ya kazini. Nikamgeukia mume wangu. Anaendesha, midomo imefumba.

"Lami. Mia mbili. Kushoto tano."

Tulikuwa kwenye vumbi. Kushoto palikuwa na shamba la mihogo la mtu.

Sikuogopa. Naomba uniamini, maana wengi nimewaambia wakakataa. Nilikaa nikasikiliza kama unavyosikiliza redio ya dukani. Sauti ikaendelea, kona baada ya kona, karavati, mlima mdogo, tena kona. Kisha ikasema:

"Makutano. Kushoto. Njia ya Butiama."

Hapo nikakaa sawa. Ile haikuwa barabara tuliyokuwa tunapita. Ilikuwa njia ya kwetu. Ukitoka Musoma kwenda kwa mama Dorotea, unafika Makutano, unakata kushoto. Nimeipita mara mia. Sauti ilikuwa inanipeleka kwa mama mkwe.

"Shule. Kulia tatu. Karavati bovu."

Ndiyo. Karavati lipo.

"Mawe yamebebana..."

Yapo pia. Jiwe limekaa juu ya jiwe, na kona inapita chini yake.

"Kushoto mbili. Inabana. Mchanga. Usikate."

Ikanyamaza. Nikasubiri kona inayofuata, kwa sababu baada ya Mawe kuna nyingine mbili kabla ya kufika. Haikuja. Nilikuwa nasikia mtu anapumua. Ubani ukajaa kofia yote mpaka nikaonja.

"Kushoto mbili. Usikate."

Kimya.

"Mwambie."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameongeza mwendo, vumbi nyuma yetu jekundu kwa lile jua la mwisho. Ana furaha. Sijui kama niliwahi kumwona na furaha kiasi kile. Mtoto amekakamaa kifuani kwangu, amebadilika rangi kwa kulia.

"Mwambie..."

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema simama, tushuke. Neno moja tu. Lakini mtu akibanwa analitoa lile lililo chini kabisa.

"Wanzagi," nikasema. "Simama."

Mtoto akanyamaza.

Katikati ya kilio, mdomo bado uko wazi. Akapumua mara moja. Akageuza uso, akalitafuta ziwa juu ya nguo, akalipata, akanyonya.

Gari likasimama. Vumbi likatupita. Sauti ilikuwa imekwisha kwenye kofia, na ubani umekwisha, na mimi nimekaa pale nimeshika kichwa cha mtoto anayenyonya kwa utulivu kama watoto wa watu wengine.

"Umemfanyaje?" Wanzagi akauliza. Alikuwa anamtazama kwa mshangao.

"Amelala," nikasema.

Alikuwa macho.

Tuliporudi, Petronila alikuwa amesimama palepale alipobaki. Akanivua kofia. Alisubiri mpaka mume wangu akazunguka nyuma kuangalia matairi, akanisogelea.

"Kuna ulichoambiwa?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Akanikazia macho. "Haya," akasema, akaanza kulifunika gari.

Kwa nini nilikataa? Nimejiuliza sana. Nadhani ni kwa sababu kichwani kwangu mambo yale mawili yalikuwa kitu kimoja. Sauti na jina. Niliona gari lile limeniita, limenibana kwenye kiti, limenitoa jina la mume wangu mdomoni, mtoto akalikubali. Mke anaanzaje kumwambia mumewe habari hiyo? Baba Pastory, jina lako limekubalika. Ni sawa na kumpimia sanda akiwa anakula.

Njia nzima ya kurudi aliongea. Nimeamua, alisema. La Nyasura. Mtoto mwenyewe amelipenda, si umeona alivyotulia? Mtoto amechagua. Na mimi nimemshika huyo mtoto aliyechagua, ananitazama gizani, halii.

Hakulia kesho yake. Hakulia wiki hiyo. Majirani wa Nyakato wakaanza kunipongeza.

Siku ya nne nikapiga moyo konde. Alikuwa anakula ugali na sato, nikakaa mbele yake nikamwambia, "Baba Pastory, chukua lile jipya."

Akaacha tonge. Nadhani alishangaa kwamba nimesema sentensi nzima. "Kwa nini?"

"Lile la Nyasura lina mtu."

"Mtu gani?"

"Sijui. Lina mtu. Nilisikia humo."

Alinitazama vile alivyokuwa ananitazama tangu nijifungue, taratibu, kama mtu anayepita pembeni ya kikombe kilichojaa. "Umechoka, Gau," akasema, akaniita jina langu mwenyewe.

"Nimechoka. Chukua jipya."

Akafikiri. Niliona alivyoumia, sitasema uongo. Lile kuukuu alikuwa amelipenda, kama mtu anavyopenda kitu alichokiacha ujanani akakikuta bado kipo. Lakini kwa miezi mitano sikuwa nimemwomba hata chumvi, na sasa nilikuwa nimemwomba kitu. Akanawa mikono.

"Sawa," akasema. "Kwa ajili yako."

Wiki iliyofuata akalileta kutoka Mwanza. La bluu, linang'aa, lina harufu ya plastiki mpya na hakuna kingine. Nilikaa ndani nikanusa kila kona, nikanusa mikanda, nikanusa chini ya viti. Hakuna ubani. Nilikaa humo giza likaingia, redio imezimwa, nasubiri. Kimya cha kawaida. Nikajisemea nimemtoa mdomoni mwa kitu. Usiku huo nililala.

Wiki tatu akaliendesha. Kitaji, ufukweni, mjini, Bunda na kurudi. Watu walikuwa wanampigia picha.

Jumamosi moja, saa tisa mchana, jua kali, akasema anakwenda Butiama kumwonyesha mama. Kilo tano za sukari nyuma, na mafuta ya kupikia. Nilimsindikiza mpaka getini na mtoto mkononi.

Lilikuwepo. Nalisema hivi ili nisije nikajidanganya baadaye. Neno lilikuwepo mdomoni, limekaa juu ya ulimi. Pale kwenye Mawe, usikate. Ni maneno machache tu. Lakini ningeyasema ningelazimika kusema nimeyatoa wapi, na nikishasema ningefika kwenye jina. Halafu nikajiambia, sauti ile ni ya lile gari, na gari liko Nyasura chini ya turubai.

"Msalimie mama," nikasema.

"Zimefika," akasema, akaondoka.

Saa kumi kasorobo simu ikaita, namba nisiyoijua.

Askari wa barabarani alikuwa kijana, alinieleza kwa upole. Hakukuwa na gari jingine. Ile kona ya chini ya mawe, alisema, dereva aliikata kwa ndani, akakutana na mchanga, gari likaenda upande, likabingirika mpaka kwenye jiwe. Paa limelala mpaka kwenye viti. Kulikuwa na fundi mmoja pale, mzee wa magari, akasema kama kujisemea tu, "Yangekuwa na mabomba ndani haya, angetoka anatembea." Askari akamkata jicho. Mimi nikamwambia mwache aseme.

Sikulia. Wanawake wa Butiama walinitazama sana kwa hilo. Nilikaa kwenye mkeka, mtoto mapajani, na yeye hakulia pia.

Siku ya tatu ya matanga Petronila akaja. Alikuwa amepanda gari la abiria mpaka Butiama, amevaa kitenge cheusi. Akatoa pole kwa wakubwa, akaja akakaa karibu yangu, begani kwangu kabisa. Akasubiri walio karibu wainuke kwenda kula.

"Nilikuuliza," akanong'ona.

"Uliniuliza."

"Alisema?"

"Alisema."

"Alisemaje?"

Nikamwambia. Mawe yamebebana, kushoto mbili, inabana, mchanga, usikate. Mwambie. Akafumba macho.

"Benson huyo," akasema. "Alikufa kwa malaria, hata hakufia kwenye gari. Lakini kiti chake hakukiacha. Baltazar akanikalisha mimi pale, maana hakuna mwingine aliyekubali kuvaa ile kofia. Nikawa nasikia, nampa dereva. Miaka kumi na minne. Si mashindano tu. Njia ya mnadani, njia ya hospitali, njia ambayo tutaipita mwezi ujao na gari lingine kabisa. Kila alichosema nilimpa Baltazar. Ndiyo maana mume wangu alifia kitandani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungekaa?"

Nikamweka mtoto vizuri mapajani.

"Kazi ya anayekaa pale ni moja tu," akasema. "Kumwambia dereva." Hakusema kwa ukali. Akanishika goti, akainuka, akaenda kuaga.

Habari ya jina sikumwambia. Hakuna mtu niliyemwambia. Kwa hiyo mpaka leo sijui. Labda ni lile jina nililolitamka. Labda ni lile neno nililolimeza. Yote yamepita kwenye mdomo huu huu.

Matanga yalipoanuliwa, mama Dorotea akasema sasa mtoto apewe jina la baba yake. Wote wakafurahi, kadiri watu wanavyoweza kufurahi siku hiyo. Wanaume wakatolewa nje. Kigoda kikaletwa. Nikakaa, nikafungua blauzi. Lakini mtoto lazima awe analia, ndivyo inavyofanywa, na wangu alikuwa amekaa mapajani anachezea kifungo. Wakamnyunyizia maji usoni, akapepesa macho. Shangazi mmoja akamfinya kidogo pajani. Alimtazama tu.

"Basi tumwite hivyohivyo," mama Dorotea akasema. Akainama karibu na sikio lake. Lilikuwa jina la mwanawe.

"Wanzagi."

Mtoto aligeuka. Alifanya haraka, bila kushtuka, kama mtu anayeitwa jina lake la kila siku. Akageuka tena kwangu, akashika ziwa, akanyonya.

Wanawake wakapiga vigelegele vya chini chini. Mama Dorotea hakupiga. Alibaki ameinama, mkono wake uko kwenye kigoda. Akawaambia watoke wakaandae chakula. Tukabaki wawili na mtoto.

"Mkamwana," akasema polepole. "Jina hili amelizoea. Alishaitwa?"

"Hapana, mama."

"Alitulia lini huyu?"

"Muda tu."

"Kabla ya msiba."

Nikamfuta mtoto yale maji ya usoni.

"Mwenzio alinipigia simu," akasema. "Akaniambia mama, mtoto ametulia, tangu tulipokwenda Bunda. Alikuwa na furaha sana. Nikajiuliza amekubali jina gani, na nani amemwita." Akaondoa mkono kwenye kigoda. "Nakuuliza mara moja tu. Ulimwita nani?"

Nilimtazama usoni. Alikuwa mama mzee wa watu aliyebakiwa na mtoto mmoja, na huyo mmoja tulimzika juzi, mimi na yeye.

"Hakuna, mama," nikasema. Mara ya pili nimelitoa jibu hilo, na lilitoka kirahisi.

Akatikisa kichwa taratibu. Hakunigombeza. Hakuwaita ndugu. Alimtoa mtoto kwenye ziwa kwa kidole, kama wanavyofanya wakunga, akamfuta mdomo, akambeba mgongoni kwake na kukaza mbeleko mara mbili. Akasimama mlangoni amenipa mgongo, na mwanangu akawa ananitazama juu ya bega lake, hana wasiwasi wowote.

"Wewe rudi Musoma ukashone," mama Dorotea akasema. "Huyu nitamlea."

Ni mwezi wa pili sasa. Nimerudi Nyakato, kibanda nimefungua, wateja wanakuja. Sijamfuata, kwa sababu nikimfuata bibi yake ataniuliza tena, hata kwa macho. Mchana sihisi kitu, kama zamani. Jioni ndiyo maziwa yanajaa, yanakuwa mazito, yanauma mpaka nashindwa kukanyaga cherehani. Nakaa kwenye kiti mpaka yamwagike yenyewe.